Wakala wa safari analipwa kwa kazi gani, na nitajuaje kwamba tiketi yangu ni ya kweli?

Swali: Msomaji wetu wa Mbeya, mwanamama anayeuza vifaa vya saluni, ameandika hivi: "Mwezi wa kumi nataka kwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza, kwenye maonesho ya biashara. Wakala wa hapa mjini amenitajia nauli inayozidi kwa dola 70 ile niliyoiona mwenyewe kwenye simu. Anasema yake ndiyo nzuri, lakini hakunieleza kwa nini. Je, wakala huyu anapata nini kwangu, ananifanyia kazi gani ambayo siwezi kuifanya mwenyewe, na nikimpa fedha zangu nitajuaje kwamba sijaibiwa?"

Jibu: Ndugu msomaji, nimefanya kazi ya kukata tiketi Dar es Salaam kwa miaka mingi, na swali lako la kwanza ndilo ambalo abiria wengi huwa nalo moyoni lakini huona haya kulitamka mbele ya wakala. Nitakujibu bila kumtetea wakala wako, kwa kuwa simjui, na bila kumshambulia. Maswali yako matatu yana mzizi mmoja: tiketi itatolewa na nani, kwa masharti yapi, na ikishatolewa ni nani mwenye mamlaka ya kuigusa. Ukishalijua hilo, utaweza kupima mwenyewe kama dola 70 hizo ni nyingi au ni kidogo.

Tuanze na bei ya kwenye simu. Watu wengi hudhani kwamba kununua tiketi kwenye simu ni kumkwepa wakala, ilhali mara nyingi huwa wamemwacha wakala mmoja na kumwendea mwingine. Expedia, kwa mfano, iliyoanza mwaka 1996 ndani ya kampuni ya Microsoft, haina ndege hata moja; ni wakala wa safari kama huyo wa mjini kwako, isipokuwa duka lake liko kwenye intaneti na anayekuhudumia humwoni. Zipo pia tovuti ambazo haziuzi kitu, bali hukusanya bei za wauzaji wengine na kukuelekeza kwao, na baadhi ya wauzaji hao ni mawakala wadogo walioko nchi ambayo wala hukuifikiria. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha bei hizo mbili, tazama kwanza ile ya kwenye simu inauzwa na nani: shirika la ndege lenyewe, au wakala mwingine ambaye siku utakapomhitaji utampata kwa barua pepe tu, tena kwa lugha ya kigeni na kwa saa zake.

Jambo la pili ni kwamba bei mbili za ndege moja, siku moja, mara nyingi si bei za kitu kimoja. Ndani ya daraja la kawaida la ndege, viti hugawanywa katika makundi ya nauli yanayotambulishwa kwa herufi moja moja, kama Y, M, K au Q, na kila kundi lina idadi yake ya nafasi na masharti yake. Abiria watatu waliokaa safu moja, wakila chakula kilekile, wanaweza kuwa wamelipa nauli tatu tofauti: mmoja ana haki ya kubadilisha tarehe bila faini, wa pili hubadilisha kwa kulipa, wa tatu akikosa ndege amepoteza fedha yote. Simu hukuonesha kwanza nauli ya chini kabisa, kwa sababu ndiyo inayovuta jicho, na masharti yake huwa yamefichwa chini ya maandishi madogo ambayo huwezi kuyaona usipoyafungua.

Kwa mfanyabiashara kama wewe, sharti zito kuliko yote ni mizigo. Mashirika mengi yanayowachukua wafanyabiashara wetu kwenda China hutoa nauli zenye mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, lakini hutoa pia nauli za bei ya chini zenye begi moja, na wakati mwingine zisizo na begi lolote la kupakiwa chini ya ndege. Ukinunua nauli ya begi moja kwa sababu imepungua dola 70, halafu ukatokea uwanjani Guangzhou na mabegi mawili ya mashine za kukaushia nywele na sampuli za bidhaa, gharama ya begi la ziada itaweza kula hiyo dola 70 na zaidi, na utailipa pale pale dirishani bila nafasi ya kujadiliana. Mwulize wakala wako nauli yake ina mabegi mangapi kwenda na mangapi kurudi, kisha ufungue masharti ya ile ya kwenye simu. Nisingeshangaa kama tofauti yote ya bei imelala hapo.

Sehemu nyingine ya bei ambayo huenda hukuiona ni kipande cha kutoka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, hadi Dar es Salaam. Kwenye simu pengine uliandika Dar es Salaam kwenda Guangzhou, ilhali wakala amekupigia hesabu kutoka nyumbani kwako. Kipande hiki kifupi ndicho kinachowaliza watu. Kama safari yote, kutoka Songwe hadi Guangzhou kupitia Dar es Salaam na mji wa kuunganishia kama Addis Ababa, Doha au Dubai, imewekwa kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa na ukakosa ya pili, mashirika ndiyo yenye wajibu wa kukutafutia nyingine. Na kwa kawaida kiwango cha mizigo cha safari ndefu ndicho kinachotumika hadi mwisho. Lakini kama una tiketi mbili zisizojuana, moja ya ndani na nyingine ya nje, shirika la nje halijui kwamba ulikuwa umekwama Songwe kwa sababu ya ukungu. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Na wakati wa kurudi, shirika la ndani litakupimia mizigo kwa kanuni zake, si kwa zile za Guangzhou.

Si kila mara tiketi moja inawezekana, kwa sababu inahitaji mashirika hayo mawili yawe na mkataba wa kuuziana na kupokeana abiria. Hapo ndipo wakala mzuri anapojitofautisha: atakuambia wazi kwamba mkataba haupo, na kwamba ni afadhali ulale Dar es Salaam usiku mmoja kuliko kuunganisha kwa saa tatu. Wakala anayekuuzia tiketi mbili na kuzibana pamoja kwenye karatasi moja kana kwamba ni safari moja amekudanganya, hata kama kila tiketi peke yake ni halali.

Sasa nieleze kazi yenyewe inavyofanyika, maana usipoijua hutaelewa fedha zako zinapita wapi. Wakala aliyesajiliwa hufanya kazi kwenye mfumo wa kompyuta unaokusanya nafasi na nauli za mamia ya mashirika. Mifumo mikubwa ni mitatu: Sabre, iliyotokana na ushirikiano wa shirika la American Airlines na kampuni ya IBM, Amadeus, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Air France, Lufthansa, Iberia na SAS, na Travelport, ambayo ndani yake ndimo ilimo Galileo ya zamani. Wakala akikuwekea nafasi, mfumo hutoa namba ya buking, yaani mchanganyiko wa herufi na tarakimu sita. Hapo bado huna tiketi. Una kiti kilichoshikiliwa kwa muda, na muda huo huwekwa na shirika: pengine saa chache, pengine siku kadhaa. Ukipita bila tiketi kutolewa, nafasi huanguka yenyewe, na kesho yake kundi lile la nauli linaweza kuwa limejaa. Wakala anapokuambia "ulipe kabla ya saa kumi na moja jioni", mara nyingi hakutishi. Ameusoma muda huo kwenye kioo chake.

Fedha ikishalipwa, wakala hutoa tiketi, na tiketi hiyo huwa na namba ya tarakimu 13. Tarakimu tatu za kwanza ni za shirika: 071 ni Ethiopian Airlines, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates, 706 ni Kenya Airways. Hii ndiyo tiketi yako. Karatasi anayokupa wakala ni maelezo yake tu, kwa kuwa tangu Juni 2008 mashirika ya IATA, ambayo ni jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege, yaliachana na tiketi za karatasi, na tiketi halisi hukaa ndani ya kompyuta ya shirika. Fedha zako nazo hazikai kwa wakala. Hupelekwa kwenye mashirika kupitia utaratibu wa malipo wa IATA ulioanzia Japani mwaka 1971, ambao humkusanyia kila wakala mauzo yake yote na kumtaka ayalipe kwa tarehe maalumu. Na kwa mkataba wake na IATA, fedha za tiketi alizopokea ni mali ya shirika la ndege, yeye amezishika kwa amana tu. Akishindwa kulipa, IATA humfungia asitoe tiketi tena, na dhamana yake huenda ikatumika kufidia deni.

Lakini huenda wakala wako hana usajili huo, na hilo si kosa. Usajili wa IATA unadai mtaji na dhamana, na ofisi nyingi ndogo za Kariakoo, Mwanza au Mbeya hununua tiketi kupitia wakala mkubwa aliyesajiliwa, kisha huongeza chochote chao juu. Mimi binafsi sina shaka na ofisi za namna hiyo. Baadhi yao huwajua wateja wao kwa majina, wanajua nani huenda Guangzhou na nani huenda Istanbul, na humpigia simu abiria usiku ndege inapobadilika. Tatizo lao ni moja: fedha zako hupita mikono miwili kabla ya kuwa tiketi. Kwa hiyo mwulize bila aibu, "Tiketi hii inatolewa na nani?" Jibu litakuwa jina la kampuni, na jina hilo au namba yake ya IATA yenye tarakimu nane huonekana kwenye maelezo ya tiketi. Namba hiyo inaweza kuhakikiwa kwa IATA yenyewe kupitia mtandao.

Anapata nini kwako? Zamani jibu lilikuwa rahisi: shirika lilimlipa wakala kamisheni, mara nyingi karibu asilimia 10 ya nauli, na abiria hakulipa chochote zaidi. Mambo yaligeuka Marekani mwaka 1995, shirika la ndege la Delta lilipoweka ukomo wa kamisheni wa dola 50 kwa tiketi ya ndani ya kwenda na kurudi, kisha mwaka 2002 likaifuta kabisa kamisheni ya kawaida na wengine wakalifuata. Wimbi hilo liliufikia ulimwengu wote. Mwaka 2015 Lufthansa ilikwenda mbali zaidi, ikaanza kutoza euro 16 kwa kila tiketi iliyopitia mifumo ile ya mawakala, ili watu wanunue kwake moja kwa moja. Leo, basi, wakala hula kwa njia kadhaa kwa pamoja: ada ya huduma anayokutoza wewe, kamisheni ndogo kutoka kwa mashirika ambayo bado yanaitoa, malipo ya ziada akifikia malengo ya mauzo aliyowekewa na shirika fulani, na faida ya bima, hoteli au viza atakayokuhudumia.

Katika hayo, ninalokutaka ulitazame kwa jicho kali ni lile la malengo. Wakala aliyebakiza tiketi chache kufikia lengo la robo mwaka ana sababu ya kukusukumia shirika hilo hata kama njia yake ina mapumziko ya saa kumi na nne. Hatakuambia uongo, atakuonesha shirika hilo kwanza na kulisifu. Dawa yake ni kumwomba akuoneshe angalau njia mbili zenye saa za kuondoka, saa za kusubiri, mizigo na faini ya kubadilisha, na akutenganishie nauli, kodi na ada yake. Wakala anayekataa kuitaja ada yake peke yake, mwache. Ada iliyo wazi ni malipo ya halali kwa kazi ya halali, na hakuna sababu ya kuificha ndani ya nauli.

Kazi hiyo ni ipi? Sehemu yake ya kwanza hufanyika kabla hujalipa. Jina, kwa mfano. Watanzania wengi tuna majina matatu, na pasipoti huyagawanya: jina la ukoo peke yake, na majina mengine pamoja. Kwenye tiketi jina la ukoo huja mbele, kisha mkwaju (/), kisha jina lako. Anayejinunulia kwenye simu mara nyingi huandika majina kama anavyoitwa mtaani, la mwisho likakaa mahali pa la kwanza au likakosa herufi moja. Mashirika mengi hayaruhusu kubadilisha jina, na hata marekebisho madogo ya herufi huweza kudaiwa fedha au kusubiriwa siku kadhaa. Wakala anayejua kazi hakuulizi unaitwa nani. Anaomba picha ya ukurasa wa pasipoti, na hapohapo anatazama kama imebakiza miezi sita au zaidi, kwa sababu nchi nyingi hudai hivyo. Ana pia kumbukumbu ya IATA iitwayo Timatic, ileile ambayo wafanyakazi wa uwanjani huitazama kabla ya kukuruhusu kupanda, inayosema raia wa nchi gani anahitaji nini ili kuingia au kupitia nchi gani.

Kuhusu viza, nikuonye kidogo. Viza ya biashara ya China, ile ya herufi M, huombwa kwa barua ya mwaliko kutoka kwa mshirika wa biashara au kwa waandaaji wa maonesho. Wakala anaweza kukusaidia kujaza fomu na kukupangia nyaraka, na anaweza kukushikilia nafasi ya ndege ili uwe na cha kuonesha. Hawezi kukuhakikishia viza, kwa kuwa uamuzi ni wa ubalozi peke yake. Anayesema "viza ni hakika, lipa tiketi kabisa" anacheza kwa fedha yako. Usikubali pia akutengenezee karatasi ya safari isiyokuwapo kwenye mfumo. Ubalozi unaweza kuitafuta namba hiyo kwenye tovuti ya shirika ukaikosa, na wewe ndiye utakayeonekana mwongo. Hata nafasi halisi zinazowekwa na kufutwa mara kwa mara bila nia ya kununua huwaletea mawakala faini kutoka kwa mashirika, na ndiyo sababu wakala makini hutoza kidogo kwa huduma hiyo au huitoa kwa mteja anayemfahamu tu.

Sehemu ya pili ya kazi huanza tiketi ikishatolewa, na kwa maoni yangu hapa ndipo ada inapostahili. Mashirika hubadilisha ratiba zake muda wote. Ndege iliyokuwa iondoke saa nne usiku inahamishiwa alfajiri, na ile ya kuunganisha haisubiri. Taarifa ya mabadiliko haiji kwako kwanza. Huingia kwenye foleni ya ujumbe ya ofisi iliyotoa tiketi, na mtu wa ofisi hiyo anapaswa kuufungua, kukupigia, kukubali au kukataa badiliko, na kuitengeneza tiketi upya ili iendane na ndege mpya. Nafasi ikibadilishwa bila tiketi kurekebishwa, utafika uwanjani ukiwa na kiti lakini huna tiketi inayolingana nacho, na hapo ndipo penye vilio vya saa nane usiku. Hakikisha namba yako mwenyewe ya simu imeandikwa kwenye buking, si ya wakala peke yake, ili shirika liweze kukufikia moja kwa moja.

Ukitaka kubadilisha tarehe mwenyewe, hesabu huwa na vipande viwili ambavyo abiria huchanganya: faini ya kubadilisha, na tofauti ya nauli kama kundi lile la herufi limejaa siku unayoitaka. Kwa hiyo hata tiketi inayoruhusu kubadilisha bila faini inaweza kukudai fedha. Lililo baya kuliko yote ni kutotokea bila taarifa, kwani nauli nyingi huweka faini kubwa zaidi kwa asiyetokea, na ukikosa kipande cha kwanza, mashirika kwa kawaida hufuta vipande vyote vinavyofuata pamoja na cha kurudi. Ukiona hutaweza kusafiri, mpigie wakala kabla ndege haijaondoka, hata kama zimebaki saa mbili. Na hata tiketi isiyorudishwa fedha huwa na baadhi ya kodi za viwanja ambazo hurudishwa usiposafiri. Wengi hawazidai kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Jambo hili la kubadilisha na kurudishiwa fedha ndilo linalotenganisha wanunuzi wa simu na wa ofisini. Tiketi iliyotolewa na wakala, shirika la ndege kwa kawaida halitaki kuigusa kabla ya siku ya safari. Litakuambia urudi ulikonunua. Mwaka 2020, ndege zilipositishwa duniani kwa sababu ya korona, abiria wengi walijikuta wakizungushwa kati ya shirika na tovuti iliyowauzia. Aliyenunua kwa wakala wa mtaani alikuwa na mlango wa kugonga, ingawa nikiri kwamba si kila mlango ulifunguliwa.

Nije kwenye hofu yako ya kuibiwa. Tapeli wa tiketi hana njia nyingi. Ya kwanza ni kukuonesha karatasi yenye namba ya buking tu, akachukua fedha, na nafasi ikaanguka baada ya muda wake kupita. Ya pili ni ya ujanja zaidi: anatoa tiketi ya kweli mbele yako, unaikagua kwenye simu na kuikuta, kisha jioni anaibatilisha, kwa sababu mfumo huruhusu tiketi kubatilishwa siku ileile iliyotolewa bila gharama. Ya tatu ni tiketi ya bei ya kutupa iliyonunuliwa kwa kadi ya benki ya wizi. Inadumu hadi mwenye kadi alalamike, na unaambiwa imefutwa ukiwa tayari umepanga foleni uwanjani. Kwa hiyo ikague tiketi mara mbili: siku uliyolipa, na tena baada ya siku moja au mbili. Ingia kwenye tovuti ya shirika la ndege lenyewe, si ya wakala, uandike herufi zile sita na jina lako la ukoo, na utafute namba ya tarakimu 13. Ukiona nafasi lakini huoni namba hiyo, hujakatiwa tiketi. Ukishindwa kwenye tovuti, piga simu ofisi ya shirika uulize swali moja tu: "Tiketi hii imetolewa na bado iko wazi kwa matumizi?"

Malipo yaende kwenye akaunti ya benki au Lipa Namba yenye jina la kampuni, si kwenye namba ya simu ya mfanyakazi, hata awe mcheshi kiasi gani. Dai risiti ya mashine ya EFD kwa fedha uliyolipa. Tanzania Bara, kampuni za utalii na mawakala wa safari hufanya kazi kwa leseni ya biashara ya utalii, ambayo wengi huiita TALA, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na mwenye leseni halali huitundika ukutani au kukuonesha ukiomba. Uingereza, kampuni kongwe ya Thomas Cook ilipoanguka tarehe 23 Septemba 2019, serikali iliwarudisha nyumbani watalii wapatao 150,000, na waliolipia safari za kifurushi walikuwa na mpango wa ulinzi wa kuwarudishia fedha zao. Kwa tiketi iliyokatwa Mbeya usitegemee ulinzi wa namna hiyo. Risiti, namba ya tiketi na jina la aliyeitoa ndivyo utakavyokwenda navyo polisi au kwa mwanasheria ikibidi.

Kwa safari yako, basi, mimi ningefanya hivi. Maonesho ya Canton, ambayo ndiyo hayo ya Guangzhou, ya msimu wa vuli hufanyika kwa awamu tatu, kati ya tarehe 15 Oktoba na tarehe 4 Novemba, na kila awamu ina aina zake za bidhaa. Hakikisha kwanza bidhaa za saluni ziko awamu ipi mwaka huu, maana nimewaona watu wakifika wiki moja kabla au baada ya kile walichokifuata. Mwombe wakala akushikilie nafasi, omba viza, na ulipe tiketi viza ikishatoka, lakini usichelewe hadi Oktoba, kwani nauli za njia hiyo hupanda kadiri maonesho yanavyokaribia na makundi ya bei nafuu hujaa mapema. Mpe wakala nafasi ya kueleza dola 70 zake: mabegi mangapi, kipande cha Songwe kimo au hakimo, faini ya kubadilisha ni kiasi gani, ada yake ni ipi. Akijibu vyote kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, ningemlipa. Akibabaika, nunua kwenye tovuti ya shirika la ndege lenyewe, kwa nauli yenye mabegi mawili.

Kama fedha haitoshi kulipia masharti mepesi pande zote mbili, na kama shirika linaruhusu kuchanganya nauli, lipia wepesi huo kwenye kipande cha kurudi. Tarehe ya kwenda utaijua viza ikishatoka. Ya kurudi itategemea kiwanda kitamaliza lini kufunga mzigo wako, na hilo wakala hawezi kukupangia.